Hatua za Mama

Mimi ni kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye hutumwa. Kaka aliponunua ile saa ya kuhesabu hatua, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumvisha Mama mkononi na kumwonyesha namna ya kuichaji. Na kila jioni, nikitoka ofisini kwetu shuleni ninakochapa mitihani, mimi ndiye niliyefungua programu kwenye simu, nikasoma hesabu ya siku na kuirusha kwenye kundi letu. Kundi tuliliita Mama Kwanza. Tulikuwamo watoto wote watatu, Mama mwenyewe hakuwamo.

Sitaki mtu amlaumu Kaka, kazi hiyo naiweza mwenyewe. Baba alianguka bafuni Mama akiwa sokoni kununua vitambaa, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, na Kaka ndiye aliyevunja mlango. Hajawahi kutusimulia alichokikuta. Tangu hapo Mama akikohoa tu, yeye anatafuta daktari. Basi akatuwekea sharti. Mama akitembea chini ya hatua elfu tatu kwa siku, mwezi mzima, maana yake hawezi tena kuishi peke yake na atahamia kwake. Dada yetu, ambaye ni nesi katika mji wa mbali, alikubali. Mimi pia nilikubali, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kuoga. Tulipomweleza Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama saa inaharibika ikiingia maji, basi.

Siku ya kwanza alipata hatua mia sita. Ya pili, mia tano na arobaini. Wiki mbili zilikwenda hivyo hivyo, na kila nikirusha hesabu, Dada alijibu kwa kikatuni cha uso unaolia. Kaka alipaka chumba rangi. Akamtafuta mtu wa kuichukua cherehani ya Mama, maana kwake hakuna nafasi ya kuiweka, na Mama atahitaji kupumzika.

Mama ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini na minane anashona sare za shule katika chumba chake cha mbele, kwa cherehani ya miguu, ile nyeusi ya kukanyaga. Anaanza asubuhi, anamaliza jua likizama. Hilo tulilijua sote watatu, tumesomeshwa nalo. Lakini saa ilisema hatua mia sita, tukaisadiki saa.

Halafu wiki ya tatu, Jumatatu, nikafungua programu nikaona elfu kumi na nne. Nikadhani nimekosea kusoma. Jumanne, elfu kumi na sita. Kundi likalipuka. Dada akamwaga mioyo myekundu skrini nzima. Kaka akaandika kwa herufi kubwa kwamba aliyajua haya, kwamba Mama alihitaji kusukumwa kidogo tu. Mapigo ya moyo hayakuonekana, mahali pake palikuwa na kistari. Dada, nesi mwenye vyeti vyake, akasema mkanda utakuwa umelegea. Mtu anatembea hatua elfu kumi na sita bila moyo, na sisi watoto wake tunashangilia.

Kaka hakuishia hapo. Kuna kundi mtandaoni linaitwa Wazee Wakakamavu, lina watu elfu nne wasiojuana, na kazi yao ni kushindanisha wazazi wao. Akamwingiza Mama. Ndani ya siku kumi alikuwa wa kwanza, wakambandika jina la Bibi Mwendo. Mmoja akauliza Bibi anakula nini, mwingine anavaa viatu vya aina gani. Kaka aliwajibu wote, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Siku moja wakaomba video ya Bibi Mwendo akitembea. Nani atumwe? Ndiyo hivyo.

Nilifika Jumamosi saa nne asubuhi. Nilipiga hodi, sikusikika kwa sababu ya cherehani, nikaingia. Mama alikuwa ameinama, miwani puani, mkono wake mtupu. Nikatazama mezani sikuiona saa. Nikatazama chini. Saa ilikuwa imefungwa kwenye kanyagio la cherehani kwa kipande cha kitambaa cha sare, fundo zuri kabisa la fundi, inapanda na kushuka na miguu yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikapandwa na hasira.

"Mama! Unatudanganya?"

"Nani kadanganya? Miguu ya nani hiyo?" Hakuacha kushona. "Hiyo saa yenu haina akili. Nakanyaga tangu asubuhi, imenyamaza tu. Nikifukuza inzi, inaniandikia hatua kumi. Nikaona basi, niipeleke kazi ilipo."

"Kaka akijua?"

"Akijua nini? Mlinipa mtihani, nimefaulu."

"Mama, ni kwa ajili ya usalama wako."

Hapo ndipo alipoacha kukanyaga. Akavua miwani.

"Mwaka jana nilikaa kwa kaka yako wiki tatu. Wananipenda, sikatai. Nikishika ufagio, Mama acha. Nikichemsha maji, Mama utaungua. Nilipumzishwa mpaka nikawa sijui leo siku gani. Nilikuwa naamka asubuhi, nakaa kitandani nangoja mtu aje aniambie nifanye nini. Mimi! Niliogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo hata siku ya baba yako."

Nikaanza kujisemea moyoni kwamba siri hii nitaizika, nitarusha hesabu kila jioni kama kawaida, Wazee Wakakamavu wabaki na bingwa wao feki, ilimradi Mama abaki kwake. Nilikuwa bado najipanga simu ikalia. Kaka, kwa video, na Dada naye ameunganishwa.

"Vipi, umeshampiga picha? Watu wanangoja!"

"Mtandao unasumbua," nikaanza, lakini Mama akaninyang'anya simu. Hakutazama hata uso wa Kaka. Akaielekeza chini, kwenye kanyagio, akakanyaga mara tatu nne ili waone vizuri.

"Bibi Mwendo ndiye huyu," akasema.

Dada akaziba mdomo kwa kiganja, sijui alicheka au alilia. Kaka alikuwa amesimama ndani ya kile chumba alichokipaka rangi, niliuona ukuta mweupe nyuma yake.

"Mama," alisema hatimaye, "ungeanguka, saa ingetuambia. Sasa imefungwa kwenye chuma. Ungeanguka nani angejua?"

Sauti yake ilikatika. Kwa mara ya kwanza nikamwona yule aliyevunja mlango wa bafu, na nikamhurumia kweli.

Mama naye alimwona. Akaishusha sauti. "Siendi, baba. Chumba ni kizuri, lakini siendi."

"Basi niahidi. Siku utakaposhindwa, utatuambia mwenyewe."

Nilitegemea atasema ndiyo. Ilikuwa rahisi, neno moja tu, na mambo yangekwisha.

"Hapana," Mama akasema. "Sitawaambia. Nitajikaza, nitaficha, najijua. Utanitambua kwa sauti tu. Lakini tangu mnifunge hiki kitu, hakuna hata mmoja aliyenipigia simu."

Nilihesabu haraka kichwani nikitafuta siku ya kujitetea nayo. Zamani nilimpigia kila jioni, tukiongea upuuzi. Siku thelathini na moja sasa, sikuwa nimempigia hata mara moja. Kwa nini nipige, na hesabu ilikuwa kwenye skrini? Dada alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani naye alikuwa akihesabu zake.

Kaka alifuta uso kwa mkono wa shati. Mtu mzima mwenye watoto watano, anajibu maswali ya watu elfu nne, akawa hajui aanzie wapi na mama yake.

"Umeamkaje, Mama?" akauliza.

"Vibaya," Mama akasema. "Goti la kushoto linauma, wiki ya pili hii."

Akaigeuza simu imwelekee usoni, akaanza kumweleza.