Viganja Vyenye Limau

...na muuguzi Nurcan keshafika kwa mgonjwa mwenzetu Rafet, anauliza yale yale anayotuuliza kila asubuhi, simu, kiberiti, mafuta ya nywele, manukato, na Rafet anajibu yale yale, "Dada, nywele zenyewe ziko wapi nizipake mafuta?", watu wanacheka, nami nacheka kwa pua kwa sababu mdomo wangu haufunguki zaidi ya vidole viwili, mlango wa chuma bado uko wazi, mzito, wa duara kama kifuniko cha sufuria la harusi, mimi nimekaa karibu nao, nimeshaulizwa, nimesema sina, ulimi ulijibu wenyewe, sina... na sasa naitazama mikono yangu juu ya magoti, mikavu, kwangu hainukii chochote, mionzi iliyoua uvimbe wa ulimi iliondoka na mate yangu, ikaondoka na harufu, kisha nikidhani imemaliza, mfupa wa taya la kushoto ukaanza kufa polepole, vishipa vya damu vimeziba, alisema daktari, mfupa una njaa ya hewa, basi tunafungiwa humu kwenye tangi, shinikizo la hewa linapanda, masikio yanaziba, tunavuta oksijeni kwa barakoa, vishipa vipya vinachipua, ndipo mpasuaji atakwangua kilichokufa tu na kuniachia taya langu, lakini ukikosakosa siku za tangi, Nevzat, aliniambia, sitakwangua, nitakata... kwangu hainukii chochote, lakini nilimmiminia Saadet.

Huyu hapa kando yangu, leo ndiyo mara yake ya kwanza, mionzi ya saratani ya ziwa imemwachia kidonda kifuani kisichofunga, kule nje aliniuliza, "Mzee wangu, wakishafunga, wanafungua kweli?", nikamwambia, "Wanafungua, mama, sisi si achari," hakucheka, kidevu kikamcheza, na mkono wangu ukaingia mfukoni mwa koti wenyewe, ukatoka na chupa, maana mimi nilikuwa mhudumu wa basi la safari ndefu la kwenda Sivas mpaka mgongo ukakataa, abiria anatapika, unamimina, abiria katoka kuzika, unamimina, wanakinga viganja, wanajipangusa uso na shingo, wanatulia, kwetu hata mgeni hakai kabla hajamiminiwa marashi ya limau, nikammiminia, nikajimiminia na mimi, abiria haachwi ajipake peke yake, kisha koti na chupa vikabaki kabatini na mimi nikasahau, kama unavyosahau kwamba umemeza mate, zamani nilipokuwa na mate... marashi yale ni spiriti karibu yote, na Nurcan alituambia siku ya kwanza, bila kupandisha sauti, penye oksijeni cheche moja yatosha, moto wa humu ndani haukimbiwi.

Yatakuwa yamekauka, kwenye basi kiti cha nyuma hakijamiminiwa cha mbele kimeshakauka... "Leo humu mnanukia kama basi la sikukuu," anasema Rafet, na Nurcan, mwenye mafua tangu juzi, anapiga chafya, "Wewe kaka, acha porojo, vaa barakoa," hajajua, hakuna anayejua, nikisema tutatolewa wote wawili, tukanawe, tubadilishwe nguo, na tangi halitusubiri, kuna kundi jingine nyuma yetu, leo yangu imekwenda, taya langu je, na Saadet, aliyeletwa na mwanawe kwa hila, akivuka mlango ule hatarudi, kidonda kitabaki wazi... naye sasa kafumba macho, kaweka viganja puani, anavuta, anashusha pumzi, ametulia, ananusa limau yangu, na kiatu cha Rafet kiko pale, kimoja, mguu wa pili una bandeji, na yule bibi wa kiti cha mwisho anajifunga ushungi vizuri kana kwamba tunakwenda mahali... kumimina hakukuwa kazi, kumimina kulikuwa sababu ya kupita kila kiti, kutazama nani hayuko sawa, kisha kufika mbele kuhakikisha dereva hajasinzia, hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na hapa aliyesinzia ni mimi.

Nurcan anashika mpini wa mlango afunge, namwita, sauti inatoka ndogo kati ya meno, haisikii, basi nanyoosha mikono, viganja pamoja, juu, chini ya pua yake yenye mafua, kama abiria anayengoja kumiminiwa, "Nini tena, mzee?", na kwa kiwiko namgusa Saadet, "Mama, tunashuka kidogo kunawa marashi haya, tutapanda wote, kiti changu ni hiki hiki kando yako," anafumbua macho, anaitazama mikono yangu, anautazama mlango ulio wazi bado, kisha, bila kuuliza, naye anakinga viganja vyake.