Pipa la Kwanza Mtaa wa Larkfield

Thelma Ollerton hakuwa akisoma gazeti. Alikuwa akigombana nalo. Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka, alilitandaza juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani, akaanza.

"Hebu sikia hii, Norris. Nyuzijoto ishirini na sita, na serikali imetoa onyo! Tunywe maji, tufunge mapazia, tusitoke ovyo. Mama yangu alifua mashuka ya nyumba nzima kwenye jua kama hilo, na pazia hakufunga hata moja."

"Mm," akasema Norris, mumewe. Alikuwa ameendesha basi maisha yake yote, akazoea abiria wanaoongea peke yao.

"Na hii. Treni imechelewa kwa sababu ya majani relini. Si ng'ombe, si mti. Majani!"

"Mm."

Maneno hayo hayakupotea bure. Kila Alhamisi yalitoka kwenye gazeti la mji, Mwangwi wa Scarrowby, ukurasa wa saba, chini ya kichwa "Thelma Anasema" na picha aliyopigwa nywele zake zilipokuwa bado za kahawia. Alisema juu ya mkate unaozidi kuwa mwembamba. Alisema juu ya mashine za dukani zinazomwamuru mtu mzima asubiri msaada. Alisema juu ya shakwe wa pwani wanaompokonya mtu chipsi mdomoni. Na zaidi ya yote aliwasema watu wanaoweka viti na mabeseni barabarani ili kulinda mahali pa kuegesha magari yao. "Barabara ni ya mfalme," aliandika, "si ya mwenye kiti cha plastiki." Mstari huo aliupenda sana, akaukata na kuubandika kwenye friji.

Sasa Jumanne moja, siku iliyofuata Jumatatu ya sikukuu, simu ikalia. Alikuwa Gareth Pobjoy, mhariri wa gazeti, kijana mwenye sauti laini ambayo huzidi kuwa laini kadiri habari inavyozidi kuwa mbaya. Siku hiyo ilikuwa kama siagi.

"Bi Thelma, wasomaji hawaandiki tena barua kuhusu safu yako. Mwezi uliopita tulipata moja tu."

"Si haba. Ya nani?"

"Ya mumeo."

Thelma alimgeukia Norris. Norris alizama kwenye chemshabongo yake kama kiboko majini.

"Kwa hiyo," Pobjoy akaendelea, "tunafikiria kumpa Bumbo ukurasa wa saba."

"Bumbo ndiye nani?"

"Mbwa wa dada wa idara ya matangazo. Tutaweka picha yake pembeni ya habari za wiki. Tumemjaribu kwenye mtandao, watu wanampenda mno."

"Mbwa! Na anasema nini huyo mbwa?"

"Kwa kweli hasemi. Anainamisha kichwa."

Thelma aliketi. Hakuwa na watoto wadogo wa kulea wala kazi ya kwenda. Alikuwa na ukurasa wa saba. Kwa ajili ya ukurasa huo watu walimpungia mkono sokoni, na muuza samaki alimwita "mwandishi" mbele ya wateja. Ukurasa huo ukienda kwa mbwa, atabaki bibi anayefokea karatasi jikoni.

"Nipe wiki moja," akasema. "Nipe habari yenye damu."

"Damu hakuna," akasema Pobjoy. "Kuna mapipa."

Habari ya mapipa kila mtu aliijua, maana ilikuwa bado inanuka. Katika mji huo, wiki ikiwa na sikukuu, siku ya kuzoa taka husogezwa. Inasogezwa mbele au nyuma? Hakuna anayekumbuka, na hakuna anayeuliza. Watu wa Scarrowby huchungulia dirishani, wakaona jirani ametoa pipa gani, nao hutoa lilelile. Basi wiki hii, Jumapili asubuhi, Mtaa wa Larkfield wote, anakokaa Thelma, ulikuwa umetoa mapipa ya kijivu, yale ya mabaki ya chakula na takataka. Mtaa wa pili ukaona, ukatoa. Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa na mapipa barabarani, na gari la taka lilikuwa halina hata nia ya kuja kabla ya Jumatano. Shakwe ndio waliokuja. Walifungua vifuniko kama wenye nyumba. Mmoja alitembea katikati ya barabara kuu akiburuta kuku aliyebaki mifupa, na magari yakamngoja avuke. Mwingine aliingia kanisani na kopo la mtindi kichwani, akapanda hadi kwa wanakwaya.

Thelma aliandika safu hiyo kwa pumzi moja.

"Kuna kiumbe katika mji huu," aliandika, "aliyetoa pipa lake wa kwanza, siku isiyo yake, na kuwapoteza wenzake wote. Aliyefuata ni kondoo, lakini aliyeanza ni mhalifu. Nitamtafuta. Wiki ijayo nitamtaja hapa kwa jina, na kwa maoni yangu aoshe mapipa ya mtaa wake wote, kwa mikono yake, mchana kweupe."

Alhamisi likatoka gazeti. Ijumaa asubuhi Pobjoy alipiga simu, na sauti yake haikuwa laini hata kidogo.

"Bi Thelma! Tumepata barua mpaka tumekosa pa kuziweka! Wengine wanataka anyang'anywe pipa kabisa. Lakini jina lazima nilipate kabla ya Alhamisi ijayo. La sivyo..."

"La sivyo mbwa."

"La sivyo mbwa."

Thelma akavaa koti, akaenda mpaka mwisho wa mtaa ili aanzie huko. Alikuwa na mshukiwa wake tayari: Bwana Crabtree, mzee aliyestaafu posta, ambaye Krismasi moja Thelma alimtumia kadi, naye akasahau kumtumia yake.

"Mimi?" akasema Bwana Crabtree. "La hasha, kipenzi. Mimi nilimwona Bi Pinder ametoa."

"Hukumwuliza kama ndiyo siku yenyewe?"

Mzee alishtuka kana kwamba ameambiwa amchungulie Bi Pinder bafuni. "Mtu hamwulizi jirani habari za pipa lake, Thelma. Kuna mipaka."

Bi Pinder naye alikuwa amewaona vijana wa nyumba yenye mlango wa kijani. Vijana wa mlango wa kijani walikuwa wamemwona Bwana Solanki. Kila mlango aliouendea, mtu alimkaribisha, akamwomba samahani bila kosa, akamwangalia kwa huruma kidogo, akamnyooshea kidole upande wa juu wa mtaa. Thelma akazidi kupanda, moyo ukimdunda kwa furaha. Kwa Hitesh Solanki, fundi wa miwani, alibonyeza kengele mara mbili.

"Bi Thelma," akasema Hitesh. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona gari linakuja. "Leo si baridi sana."

"Hitesh, wewe ulimwona nani?"

"Wanasema kesho kutakuwa na manyunyu."

"Hitesh!"

"Samahani sana."

"Usiniombe samahani, niambie."

"Ndiyo, samahani." Hakutaja jina. Alitazama tu juu ya bega la Thelma, ng'ambo ya barabara. Thelma akageuka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na lango alilolipaka rangi mwenyewe, na kando yake pipa la kijivu lenye picha ya alizeti kwenye kifuniko.

Lilikuwa pipa lake.

Hapo yote yakamrudia. Jumamosi jioni binti yao Lorna alipiga simu kwamba kesho atakuja kula chakula cha mchana, na je, atapata pa kuegesha? Jirani mmoja, mpiga tarumbeta, alikuwa na gari kubwa lililojaza nusu ya mtaa. Basi Thelma akalikokota pipa mpaka ukingoni mwa barabara, akalisimamisha pale, limlindie Lorna nafasi. Kesho yake Lorna akaegesha mbele ya mlango kabisa, wakala nyama ya kuoka na viazi, na Thelma alipotoka kurudisha pipa akakuta mtaa mzima umetoa. Naye akaliacha lake nje. Ukiona wote wametoa, unatoa.

"Mnajua wote?" akauliza, bila kugeuka.

"Tangu Jumapili."

"Na safu yangu mmeisoma?"

"Mke wangu ameibandika kwenye friji," akasema Hitesh. "Hatujawahi kucheka hivyo."

"Mbona hamkuniambia?"

Hitesh akashangaa kweli. "Ungejisikia vibaya, Bi Thelma."

Nyumbani alizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nitamtaja Crabtree. Haoni vizuri, hatajua."

"Husoma kwa kioo cha kukuzia," akasema Norris. "Anaanza na ukurasa wako."

"Basi nitasema ni upepo. Upepo ulilisukuma."

"Upepo hauna mikono ya kuosha mapipa."

Thelma akasimama. "Norris, na wewe ulijua?"

Norris akaiweka kalamu chini, jambo alilolifanya mara chache sana. "Thelma, mimi ndiye niliyeshika upande wa pili tukilikokota. Nikakuuliza, hii si sawa na kiti cha plastiki? Ukaniambia niangalie vidole vyangu."

Thelma alikodolea macho mstari wake kwenye friji. Barabara ni ya mfalme. Kweli nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na safu gazetini. Akijitaja, mji utamcheka, na labda Pobjoy atamtoa kwa aibu. Asipojitaja, mbwa. Akimtaja mwingine, ataishije mtaa mmoja na watu wanaojua na hawasemi, wakimwambia kila asubuhi kwamba leo si baridi sana? Hilo la mwisho lilimtisha kuliko yote.

Jumamosi asubuhi alivaa glavu ndefu za mpira, akachukua ndoo, sabuni na brashi, akavuka barabara. Alichukua pipa la Hitesh, akaliinamisha, akaanza kusugua.

"Hali nzuri ya hewa kwa kazi hiyo," akasema Hitesh.

"Si mbaya," akasema Thelma.

Mapazia yakatikisika. Bwana Crabtree akaja akisukuma pipa lake kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na kikombe cha chai kwa ajili ya Thelma. Akasimama nyuma ya pipa la Hitesh. Bi Pinder akasimama nyuma yake. Wale vijana wakafuata. Na watu wa Scarrowby wakishaona watu wanne wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, hakuna nguvu duniani ya kuwazuia. Mtaa wa pili wakaja na mapipa yao. Foleni ikapinda kona, ikapita duka la mikate.

"Ni foleni ya nini hii?" akauliza mama mmoja wa nyuma kabisa, ambaye hata pipa hakuwa nalo.

"Sijui, kipenzi," akajibiwa, "lakini inasogea vizuri."

Thelma alijitahidi kunyamaza, lakini kila pipa lilikuwa kama gazeti jipya. "Mikate mizima imetupwa hii, na mnalalamika bei! Na huyu, makopo ya uduvi matupu, una paka wangapi? Crabtree, hii si kadi yangu ya Krismasi?" Watu wakaanza kucheka. Waliooshewa hawakuondoka, wakabaki kusikiliza wenzao wanasemwa. Mpiga tarumbeta alipojaribu kupenyeza pipa lake katikati, foleni nzima ikakohoa kwa pamoja.

"Wewe!" Thelma akamnyooshea brashi. "Nyuma! Na hilo gari lako ndilo chanzo cha haya yote!"

Pobjoy akafika mbio, kamera shingoni, Bumbo kwenye kamba. "Bi Thelma, kuna nini? Umempata mhalifu?"

Wengine wakaangalia mawingu, ili wasimwaibishe.

"Nimempata," akasema Thelma, povu likimchuruzika viwikoni. "Andika. Thelma Ollerton. Aliweka pipa barabarani kumlindia bintiye nafasi ya gari, sawasawa na wale wa viti vya plastiki. Na kama unataka kumpa mbwa ukurasa wangu, mpe. Lakini kwanza aoshe yaliyobaki."

Wote wakamtazama Bumbo. Bumbo akainamisha kichwa. Kisha akaona mfupa ndani ya pipa la Bi Pinder, akajitupa ndani mzima mzima, na pipa likabingirika naye mpaka kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

"Hata maoni yake hayana mpangilio," akasema Thelma, na mtaa mzima ukapiga makofi.

Picha ya tukio hilo, aliyoipiga Pobjoy, ndiyo iliyotoka Alhamisi, ukurasa wa saba, juu ya maneno "Thelma Anasema". Barua zilikuja nyingi kuliko wiki iliyopita, na Pobjoy hakumtaja tena Bumbo, ambaye kwa wiki nzima alinuka uduvi.

Jumatatu iliyofuata, jioni ya kutoa mapipa, Thelma alisimama nyuma ya pazia la sebule.

"Hulitoi pipa?" akauliza Norris.

"Nangoja Hitesh atoe kwanza. Mimi siwi wa kwanza tena maishani mwangu."

Ng'ambo ya barabara, pazia la Hitesh lilikuwa limefunguka kidogo, na jicho lake likitazama lango la Thelma. Chini kidogo ya mtaa, Bi Pinder alikuwa dirishani. Bwana Crabtree alikuwa ameshika kioo chake cha kukuzia. Mtaa mzima ulingoja pipa la alizeti.

Asubuhi gari la taka lilipita Mtaa wa Larkfield, halafu mtaa wa pili, halafu mji mzima, likakuta barabara tupu. Chai ya Thelma ilikuwa bado inafuka simu ilipolia.

"Bi Thelma," akasema Pobjoy. "Mji mzima haukutoa taka. Hakuna anayejua kwa nini. Una maoni?"

Thelma akamtazama Norris. Norris akavuta chemshabongo karibu.

"Ninayo," akasema Thelma, akavaa miwani.