Zamu ya Doris

Vumbi ndilo lililotangulia. Kabla ya gari, kabla ya honi, vumbi jekundu lilipanda kutoka Same, kona baada ya kona, likaja kukaa juu ya migomba ya kijiji cha Mhezi kana kwamba limealikwa.

Koleta aliliona akiwa ukingoni mwa ndiva, bwawa la mawe na udongo walilochimba mababu. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, na mfunguaji ni yeye. Maji yana zamu, na zamu ina mwenyewe. Siku hiyo mwenyewe ni Doris, mjane wa bondeni. Maharage yake yametoa maua, na hii ni siku ya nane hayajaonja maji.

Miaka hiyo maduka yalijaa, mifuko ikabaki mitupu. Vuli ilijifunza kuchelewa, ukungu wa mlima Shengena ukachakaa kama kanga kuukuu. Kule mbugani ukame uliwahamisha tembo, na wageni waliowakosa tembo wakaletwa mlimani kutazama maji. Jua lililokausha mashamba ndilo lililoleta watalii. Koleta aliwapikia makande, na kwa malipo yao akaezeka bati nusu ya nyumba. Hakuwa mtu wa kuwadharau.

Raymond, dereva wao, alishuka kwanza.

"Shikamoo mama. Usifungue kwanza, wapige picha bwawa likiwa limejaa. Wakishakula, utafungua."

"Marahaba. Jua likishapanda, mfereji utayanywa maji yote kabla hayajafika kwa Doris."

"Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Na Doris si mwenyeji?"

Tuseme ukweli, picha ile hata yeye aliitaka. Bila picha, pengine mwakani gari lisingepanda, na nusu ya nyumba ingebaki na nyasi zake. Aliogopa. Lakini maji yana zamu, na zamu ina mwenyewe. Akakunja kanga, akaingia hadi magotini, akazibua tundu la bwawa.

Ndiva ikaguna, ikamwaga. Wageni walikuta maji yakikimbia, pakibaki tope na vyura, Raymond akashika kichwa. Koleta akawapungia mkono wamfuate. Wakashuka na maji, yakiteleza, yakisita, yakikata kona, mpaka kwa Doris aliyesimama na jembe, akiyagawa tuta kwa tuta, akilia bila kujificha. Mama mmoja wa kizungu alivua viatu, akaingia mtaroni kumsaidia. Wenzake wakafuata, kamera zikabaki shingoni.

Walirudi garini na vumbi lile lile la Same miguuni, sasa limekuwa tope, wakiuliza watarudi lini. Koleta hakuwapa maji ya kunawa. Ya leo yalikuwa na mwenyewe.