Mrushaji Aliyepanda Gari la Kubwimana

Mimi siamini watu haraka, na sioni aibu kusema. Miaka tisa nimecheza besiboli katika ligi ndogo za Sydney, daraja la nne, mara mojamoja la tatu, mpaka magoti yakagoma nikafanywa kocha. Muda wote huo sijawahi kushika kombe, hata la plastiki. Mwaka huu ndipo lilipokuwa karibu, kwa sababu nilikuwa na Rufus.

Rufus ni kijana wa Mwanza, mrushaji wangu. Mpira ukimtoka mkononi, mpigaji hajui kama unakuja wa kasi au wa polepole. Kuchagua ilikuwa kazi yangu. Makocha wengine huashiria kwa vidole na kofia, mimi nilipaza sauti tu kwa Kiswahili, "Kasi!" au "Taratibu!", maana pale uwanjani tuliokielewa tulikuwa wawili. Ndivyo nilivyojiaminisha.

Basi tukacheza na timu ya jezi za kijani. Rufus aliwamaliza wote isipokuwa Kubwimana, Mrundi mmoja mwenye mabega mapana. Huyo alitupiga mara tatu bila kusita, kama mtu anayejua kinachokuja. Tukafungwa. Tuliporudiana mwezi uliofuata, yaleyale. Nyuma ya benchi letu mama yake alikuwa kwenye kiti cha kukunja, akimpigia mwanawe kelele za Kirundi. Nilidhani anashangilia.

Machale yakanicheza. Nikaulizauliza. Kumbe Rufus na Kubwimana wanafanya kazi ghala moja kule Smithfield, na kila asubuhi Rufus anapanda gari la Kubwimana kutoka mtaani kwao, Mount Druitt! Hakuwahi kuniambia. Kwa nini anifiche?

Jumamosi ile ile ya marudiano nilimwita kando, kwenye maegesho.

"Unawauzia siri zetu."

"Kaka Ulimboka! Mimi?"

"Kazini unakwenda na gari la nani?"

"Ni lift tu, kaka. Smithfield hakuna treni, na shift inaanza alfajiri."

"Rudisha jezi."

Akaivua palepale, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti la gari langu. Hakusema neno. Hilo nalo nikalitilia shaka. Mtu aliyesingiziwa si angefoka?

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika pale Mount Druitt, namsimulia mke wangu kwa simu jinsi Rufus alivyotusaliti. Mtu akanigusa bega. Alikuwa mama yake Kubwimana, amepakata mfuko wa unga wa muhogo.

"Kocha, ule kijana unamuonea. Hana makosa. Ni miye."

"Mama, unajua Kiswahili?"

"Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kwenu Tanzania, myaka kumi na tatu, nitakosa kujua? Wewe unasema 'Taratibu', miye naambia mutoto yangu kwa Kirundi. Nilifikiri unajua. Lakini mechi zote mbili unanisalimia 'good morning', basi na miye nanyamaza."

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Mama mwenye mvi, mwenzetu kabisa, na mimi niliyelelewa na wazazi sikuwahi hata kumwamkia. Nilimpa shikamoo yake hapohapo kwenye foleni. Akaitikia marahaba, akanipisha. Niliacha mchele wangu kwenye kaunta nikakimbilia gari, kwani usajili wa ligi ulikuwa unafungwa kesho yake.

Rufus alifungua mlango, akabaki amesimama kizingitini.

"Nimekukosea, mdogo wangu," nilisema. "Mama Kubwimana ameniambia kila kitu. Nimekuletea jezi yako."

Aliitazama, hakuipokea.

"Nimeshasaini kwao, kaka. Jumatatu jioni. Siku mbili nzima nilikuwa na simu mkononi, nikajua tu utapiga."

Roho iliniuma, nikataka kulia pale pale mlangoni. Kombe limekwenda, na kijana niliyempenda nimemsukuma kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwomba radhi mara ya pili, akasema yameisha, akafunga mlango taratibu.

Nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Na hapo, Mungu anisamehe, nikajikuta nahesabu. Kutoka Jumamosi hadi Jumatatu ni siku mbili tu. Fomu za uhamisho huchukua wiki nzima. Sasa hawa walianza kuzungumza lini?