Neno la Herufi Tatu

Mwalimu Muhonja aliandika neno moja la Kiingereza ubaoni, "wan", akalipigia mstari mara mbili kana kwamba lingetoroka. Wanafunzi wa kidato cha pili wakainamia madaftari. Akaeleza bila kufungua kitabu: ni sifa ya uso uliopauka kwa maradhi au majonzi, husemwa pia kwa mwanga hafifu, na kwa tabasamu la mtu aliyeishiwa nguvu. Alikuwa amelifundisha kwa miaka kumi na tisa, na alijivunia kwamba wanafunzi wake hawakulikosa mtihanini.

"Mwalimu," akauliza Lusweti kutoka nyuma, "sasa mtu mweusi kama sisi, utajuaje ako hivyo?"

Darasa likaangua kicheko. Muhonja naye akacheka, tena kwa raha zake. "Hayo ni mambo ya Wazungu, Lusweti. Wewe likariri tu, upate alama."

Alipofika nyumbani alimkuta bintiye, Shantel, amejilaza kwenye kochi na sare ya shule mwilini, siku ya tatu mfululizo. Vyombo vya asubuhi vilikuwa bado kwenye karai.

"Uvivu huu umeutoa wapi? Mimi rika lako nilikuwa nachota maji mto Isiukhu mara mbili kabla ya kengele!"

"Nimechoka tu, Mama." Shantel akainuka akishika ukuta, akatabasamu kidogo ili yaishe.

Yakaisha kwa namna yao ya kawaida. Muhonja alitoa kwenye mkoba udongo wa kula aliokuwa akinunua sokoni, vipande vya kijivu vilivyofungwa kwenye gazeti, wakakaa jikoni wakitafuna. Uroho huo ulimwanza akiwa na mimba ya Shantel na haukumtoka. Mtoto akakua akiupenda pia. Tangu baba yake azikwe, hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao wawili. Muhonja akamvunjia kipande kikubwa.

Alhamisi Shantel alianguka kwenye gwaride la asubuhi shuleni. Kule hospitali, muuguzi Risper hakujishughulisha na uso wake. Alivuta kope ya chini kwa kidole gumba, kisha akakunjua kiganja cha msichana na kukilaza kando ya chake.

"Mama, huyu mtoto amekuwanga hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Si uangalie."

Muhonja akaangalia. Ndani ya kope hamkuwa na wekundu hata chembe. Kiganja kilikuwa kimekwajuka kama cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima.

"Damu yake imesoma tatu. Inafaa iwe kumi na mbili," alisema Risper. "Mnakulanga udongo?"

Aibu ilimpanda Muhonja hadi masikioni. Kila asubuhi aliutazama uso ule mezani, na kila asubuhi alisoma uvivu. Angeweza kutoa maana ya lile neno, matumizi yake na mifano mitatu, lakini hakumwona mtoto wake mwenyewe. Alitamani mtu amzabe kofi.

Damu ya kundi la Shantel haikuwepo hospitalini siku hiyo. Risper akamwambia atafute ndugu, na upesi. Barasa, kaka yake Muhonja, ndiyo kwanza alikuwa anatoka Lumakanda, na hakuna aliyejua kama damu yake ingefaa.

"Nitoeni damu mimi," alisema Muhonja, akikunja mkono wa blauzi. "Kundi letu ni moja. Chukueni mnayotaka."

Risper akamsogeza dirishani, akamvuta kope. Akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Shantel.

"Pole, Mama," akasema taratibu. "Wewe pia hauna ya kutoa."

Muhonja akateremsha mkono wa blauzi, akafunga kifungo, akarudi kitandani. Shantel alikuwa akihema kwa pupa, midomo mikavu. Akafumbua macho.

"Umenipatia damu?"

"Nimekupatia."

"Muuguzi ataileta saa ngapi?"

"Wanaipima kwanza," alisema Muhonja.

"Asante, Mama," Shantel akasema, akafumba macho kuisubiri.