Kitanda Kilichotoka Mwera

Jumanne saa mbili asubuhi Tuhfa alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya kumi na moja, kitanda cha marehemu mama yake kilipoingia uani kwa Bi Mastura, Makorora. Kilitoka Mwera kwa miguu. Pangani kilivuka kwa pantoni, kikasimama kwa adabu kati ya pikipiki mbili.

Kilikuwa kitanda cha kamba. Juu yake ndipo alipooshwa mama yake. Arobaini ilipokwisha, mjomba Idarusi akachukua nyumba, shamba na minazi yote. Fungu la binti Mungu amelitaja Kitabuni, na mjomba huswalisha watu. Kitanda alimwachia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulalia kamba zilizooshewa maiti. Kisha akampeleka ustawi wa jamii, ati yatima hana kwao.

Ustawi wakampa Bi Mastura amlee. Bi Mastura akatia saini kwamba atamlaza pema na kumsomesha. Tuhfa ana miaka kumi na tano, na tangu aje hajaiona skuli.

"Kumbe una mali, mwana wewe!" Bi Mastura alisema. Akakipangusa vumbi kitanda, akakiingiza chumbani kwa bintiye, Duaa. Tuhfa akabaki na gunia lake jikoni.

Kulipokucha Duaa alikuwa sakafuni.

"Mama, kimenimwaga."

"Lala kama watu, hakitakumwaga."

Alhamisi akaja Lucas, afisa ustawi, na fomu yake. Siku hiyo Tuhfa aliingoja miezi minne. Asiposikizwa leo, basi tena. Bi Mastura alikwisha kumvisha sare ya Duaa, ikambana makwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Mtoto anasoma?"

"Sare huioni?"

"Sisomi," Tuhfa akasema. "Sare ya Duaa hii. Mie nakuna nazi, na nalala jikoni."

"Anadeka huyo," Bi Mastura akacheka. "Ongeza sukari, baba."

Hapo kitanda kikatoka chumbani kwa Duaa. Kikapita katikati yao. Lucas akakunja miguu na kushika kikombe chake kisimwagike. Kitanda kikaenda moja kwa moja jikoni, kikalisukuma gunia la Tuhfa hadi wote walione, kikatulia kando ya mafiga, penye masizi. Shahidi gani tena mtu anataka?

Lucas akakifuata, akakipima urefu na upana.

"Chako?"

"Changu."

"Una kitanda chako mwenyewe, na bado walalamika? Wenzio wanalala chini."

"Na skuli?"

"Ya skuli muulize afisa elimu."

Akaandika: *Mtoto ana kitanda. Hana shukurani.* Tuhfa aliyasoma maneno hayo yakiwa kichwa chini, juu ya goti la afisa. Bi Mastura akatia saini, Lucas akamaliza chai, akaaga.

Wiki iliyofuata, kwa kuwa fomu ilionesha nyumba ina vitanda vya kutosha, Lucas akaleta mtoto wa pili. Jina lake Time, miaka saba. Jioni kitanda kikajitanua shubiri mbili, Time akalala upande wa ukutani, Tuhfa wa mafiga.

Kabla ya adhana ya alfajiri Bi Mastura akawaamsha wote wawili wakakune nazi.