Wekundu Sifuri

Winfrida alikunja mkono wa kushoto wa mtoto, akatafuta katikati ya bega na kiwiko, akaweka nukta kwa kalamu. Kisha akazungusha utepe wa kupimia utapiamlo. Ulisoma sentimita kumi nukta nane, ndani kabisa ya rangi nyekundu, ya utapiamlo mkali. Akaminya mguu uliovimba, juu ya unyayo, kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Wiki hii Zena amekula nini, mama?"

"Ugali wa muhogo," alisema Hamida, akimrudisha mtoto mapajani. "Na kisamvu, siku ya kupata maji."

Winfrida hakuuliza mayai. Aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba kuku waliisha kwa ugonjwa wa kideri.

"Zile pakiti za chakula alizopewa mtoto wa Suleimani zimefika?" aliuliza Hamida.

"Bado."

"Tangu mwezi wa pili, dada."

"Bado, Mama Zena. Nikuandikie uende Ndanda, hospitali?"

Hamida alitazama nje, walikokaa wanawake wengine na watoto wao. "Wale ndugu zake watatu nitamwachia nani? Baba yao yuko Tunduru. Na korosho za watu nisipookota leo, kesho kibarua kinachukuliwa na mwingine."

Winfrida akaandika kwenye kadi. Alikuwa na shahada ya lishe kutoka Morogoro. Baba yake, mzee Ambrosi wa Lukuledi, aliuza shamba la mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake ili binti asome. Huu ulikuwa mwaka wa nne Winfrida anajitolea katika kituo hiki cha afya cha kijijini, upande wa Chilangala. Wanawake walimwita mwalimu wa uji.

Saa saba aliitwa ofisini na Bwana Erasto, mganga mfawidhi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwezi huu wekundu wangapi?"

"Kumi na wanne."

Bwana Erasto alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Alhamisi tuna wageni kutoka mkoani. Mwenzangu mmoja alipeleka wekundu tisa, akaulizwa alikuwa wapi watoto wakikonda. Hakuulizwa pakiti zimekwama wapi. Sasa wamemhamishia porini huko."

"Lakini utepe ndivyo unavyosoma."

"Utepe unasoma unavyoushika." Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Nafasi ya afisa lishe nimeiomba mimi, na jina nililopeleka ni lako. Unataka lifike mezani kwao pamoja na wekundu kumi na wanne?"

"Na watoto?"

"Pakiti hazipo, Winfrida. Awe mwekundu, awe wa njano, anarudi kwenye muhogo uleule."

Winfrida alichukua daftari lake, akatoka. Kilichomshangaza kidogo ni kwamba hakutafuta jibu.

Jumatano waliitwa tena wale kumi na wanne. Chuoni alifundishwa kwamba utepe ukilegea unadanganya. Akaulegeza. Kazi ikaisha kabla ya saa nne. Hamida hakujua kusoma, ila rangi za kadi alizijua. Alipoona njano aliishika kadi karibu na uso.

"Kumbe anapona?"

"Ana nafuu."

"Alhamdulillahi," alisema Hamida, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake shambani kwa watu.

Wageni walikuja, wakasomewa wekundu sifuri, wakapiga makofi, wakapiga picha mbele ya mzani. Mmoja wao alimshika Winfrida mkono akamwambia vijana wa namna yake wanahitajika. Winfrida alishukuru. Aliporudi chumbani kwake alilala na viatu miguuni.

Wiki ya nne gari lilileta barua na boksi. Bwana Erasto aliisoma barua mara mbili kabla ya kumpa. Iliandikwa kwamba kwa kuwa kituo hakina tena watoto wenye utapiamlo mkali, nafasi ya afisa lishe imepelekwa penye uhitaji zaidi. Anayejitolea anaombwa aendelee kujitolea.

"Wametusifu," alisema Bwana Erasto. Hakumtazama.

"Na pakiti?"

"Zimefika. Zimegawiwa kwa hesabu ya wekundu wa kila kituo." Akasukuma boksi kwa mguu. "Sisi tumepata haya. Yabandike barazani."

Yalikuwa mabango ya mlo kamili: sahani moja kubwa yenye samaki, yai, maharage na parachichi, pembeni glasi ya maziwa. Karatasi zilikuwa ngumu, zikijikunja kila alipozikunjua. Alikuwa akihangaika na la kwanza Hamida alipoingia barazani, mtoto mgongoni.

"Nimesikia gari limeleta vitu."

"Limeleta picha."

Hamida aliitazama sahani ile. Siku hizi Zena alikuwa halii tena. Shavu lilikuwa limelala juu ya bega la mama yake, mdomo wazi.

Karatasi ikajikunja tena, ikamtoka Winfrida mikononi.

"Nikushikie?" aliuliza Hamida.

"Shika huku."

Hamida akashika pembe mbili za juu, akainua mikono. Kanga ikalegea mgongoni, kichwa cha mtoto kikateleza upande kikaning'inia, na hakikuinuka. Winfrida alikiona. Akakata utepe wa gundi kwa meno.

"Inua kidogo," alisema. "Upande wako umeshuka."

Hamida akasimama kwa ncha za vidole.